Sehemu ya Kumi na Mbili Haikufika

Ngalula binti yangu, mama yangu,

Sikuulizi habari za afya, maana asubuhi hii nimekuona ukimaliza mikate miwili na kuiba kipande cha wa tatu kwenye sahani yangu. Mzima uko. Asiye mzima ni mimi. Nimeshindwa kusema na wewe kwa mdomo, mimi ambaye Kolwezi nzima inajua kwamba sijawahi kukosa la kusema. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani, saa nane mchana, wewe uko sokoni Manika unasukwa nywele za safari. Kama ulishangaa leo kwa nini mama mdogo wako Tshiala anabadilisha mawazo kuhusu mtindo kila dakika, ujue tulipatana. Aliniahidi kukuchelewesha huko mpaka nimalize kuandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufunga mlango kwa kufuli mbili, wala za wanaume wa Lusaka. Mama mdogo amekuimbia hayo wiki nzima. Nina neno moja tu, na naliogopa, kwa hiyo utanivumilia nikilizunguka. Lakini nakuomba kwa magoti, usipande basi la kesho alfajiri kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi.

Wiki iliyopita ulimwandikia kaka yako ujumbe kwenye simu. Naujua neno kwa neno: "Yaya, bus yetu itapita Kasumbalesa mercredi. Mi nitashuka pale. Nilikuwekea place ya akteri mu filme yangu, partie ya mwisho sijapiga, niko nakungoya weye. Hata bus iniache, nitangoya mpaka utoke."

Utauliza nimeujuaje. Tutafika huko. Kwa sasa shika hili: kesho Jumatano usishuke Kasumbalesa. Yaya Kalala hatakuja. Utakaa pale mpakani juu ya mizigo yako kati ya malori, basi litakwenda, nafasi yako kwenye shule ya filamu Lusaka atapewa mwingine, nawe utakuwa bado unatazama kila kijana anayeshuka kwenye lori. Nimekuona hivyo usiku na mchana tangu nisome maneno yale.

Ili uelewe, lazima nianzie sinema.

Unajua nilikuwa mwendesha mashine kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kampuni. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, mimi nikazaliwa kwenye nyumba ya kampuni, na nilipochoka na shule nikakabidhiwa mashine ya sinema ya kampuni. Filamu zenyewe zilikuwa kuukuu tayari. Zilikuja kwa treni, bobini za mkanda ndani ya makopo ya bati, nami nilikuwa nakwenda kuzipokea stesheni ya Tenke kama mtu anayepokea wakwe. Kulikuwa na moja yenye sehemu kumi na mbili, tunaonyesha sehemu moja kila Jumamosi, ya watu wanaoruka kwenda sayari nyingine. Ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuona roketi. Roketi yao ilikuwa na riveti ubavuni kama behewa la makaa. Moshi wake ulipanda juu badala ya kubaki nyuma, na uzi uliokuwa unaibeba tuliuona sote. Roboti walikuwa maboila ya maji yaliyoota miguu. Bunduki ya miale, naapa, ilikuwa pampu ya dawa ya mbu.

Tulicheka mpaka machozi, halafu tukaiamini. Ile ilikuwa kesho jinsi watu wa zamani walivyoiota, na sisi tuliichukua ikawa kesho yetu: vyuma vinang'aa, kila mtu ana kazi, shaba yetu imefika mwezini. Niliamini kabisa kwamba nikizeeka nitakuwa nakwenda Likasi kwa roketi. Leo nakwenda kwa minibasi, nimebeba kuku wa mtu mapajani.

Kila sehemu iliishia akteri, yule shujaa mwenye filamu, akiwa karibu kufa. Mlango wa chuma unamfungia, maji yanapanda, mwamba unamwangukia, taa zinawaka. Watu wanarudi nyumbani na ule mwamba kichwani wiki nzima. Jumamosi nyingine tunauona mwamba ule ule, ila safari hii akteri anaruka pembeni kabla haujamfikia. Wiki iliyopita hakuruka! Sote tuliona hakuruka. Lakini hakuna aliyelalamika, ukumbi mzima ulisimama na kupiga kelele: "Akteri hakufake!" Akteri hafi, na maneno hayo yakatoka ukumbini yakaingia mjini. Mtu akianguka na baiskeli, akteri hakufake. Mgonjwa akitoka hospitali, akteri hakufake. Wewe mwenyewe ulijifunza kuyasema kabla hujajua kufunga viatu.

Sehemu ya kumi na mbili haikufika. Labda sanduku liliibwa njiani, labda liko mpaka leo kwenye stoo fulani. Sehemu ya kumi na moja ilikuwa imemwacha akteri ndani ya mgodi wa malkia wa sayari ile, dari limeshuka. Watu walikuja Jumamosi tatu mfululizo na kurudi bure. Jumamosi ya nne nikasimama mbele ya kile kitambaa cheupe nikawasimulia mwisho kwa mdomo wangu. Nikasema kulikuwa na njia ya pembeni ambayo malkia hakuijua. Akteri akatambaa humo, akatokea upande wa pili wa mlima, akapanda treni akaenda zake. Treni, mama, katika filamu ya roketi! Walipiga makofi kuliko siku zote. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Iyi njo mwisho ya kweli, mwana." Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Nadhani ndiyo siku niliyoharibika, kwa sababu nilijua kwamba watu wenye hamu watapokea mwisho wowote ukiwapa kwa sauti nzuri, na sikusahau.

Nilikusimulia filamu hiyo mara mia. Sikujua unaijenga kichwani. Mwaka jana nilipokuona uani na wale mafundi wa kuchomelea, mnaunganisha mapipa ya mafuta kuwa roketi, na riveti za bandia ubavuni kama nilivyokueleza, nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta nyundo. Hujawahi kuiona ile filamu, lakini uliitengeneza upya yote: boila lenye miguu, pampu ya dawa ya mbu, moshi unaopanda juu. Na akteri wako amevaa kofia ya pikipiki iliyopakwa rangi ya fedha, sehemu zote kumi na moja, uso hauonekani. Wenzako walidhani ni ufundi. Mimi nilijua uso unamngoja nani. Ulitaka Yaya aje avue kofia katika sehemu ya mwisho, watu wamwone.

Sasa siwezi kuzunguka tena.

Kasulo tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Ukumbi ulikuwa umefungwa, mimi natengeneza redio za watu. Halafu mtaa mzima ukagundua kwamba unalala juu ya mawe ya kobalti, na kila mtu akaanza kuchimba ndani ya nyumba yake, chini ya kitanda chake, nyuma ya pazia. Sisi tulichimba chumbani mwenu, wewe na Kalala. Ulikuwa na miaka saba. Tulikupeleka kwa mama mdogo huku Manika, tukakudanganya kwamba chumba kinapakwa rangi. Kitanda chako tulikisimamisha ukutani. Kalala alikuwa na miaka ishirini, anashuka na vijana wawili wa mtaa, mimi nashika kamba juu. Mashimo ya Kasulo yalikuwa yameshikana chini kwa chini. Mtu aliweza kushuka chumbani kwetu akatokea uani kwa jirani, ametapakaa udongo mwekundu, akaomba maji.

Siku hiyo, mchana kama huu, ardhi ilishuka. Sikusikia kishindo kikubwa, nilisikia kamba inalegea. Baadaye kidogo wale vijana wawili wakatokea kwa jirani. Mmoja aliniambia, "Papa Kalala, alikuwa nyuma yetu. Alisema eko anakuya."

Nikaenda kusimama kwenye shimo la jirani. Watu walinivuta, twende chumbani tufukue kwa upande ule. Nikakataa. Nikawaambia anatokea hapa, ngojeni, anatokea hapa. Niliwazuia, Ngalula. Niliwasimamisha wanaume wenye majembe mkononi, kwa sababu mwisho ule niliujua, niliutunga mwenyewe: njia ya pembeni, upande wa pili wa mlima. Tulipokuja kufukua kwetu, udongo ulikuwa umeshiba maji na unarudi kila tunapoutoa. Tulivuta kamba, ikaja peke yake.

Yaya Kalala alikufa. Alikufa chini ya mahali kilipokuwa kitanda chako. Hakufika Kasumbalesa, hakuwahi kuendesha lori. Miaka kumi na miwili yuko pale Kasulo, nyumba ilishabomolewa juu yake, na hatukumtoa.

Siku ya nne uliletwa nyumbani. Ulisimama mlangoni na kile kimfuko chako cha nguo ukauliza, "Yaya eko wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kukuambia, nakuapia. Nikafungua mdomo ikatoka sehemu ya kumi na mbili. Nikasema alipata njia ya pembeni, akatokea upande wa pili, akatembea mpaka Tenke, akapanda treni. Nikasema amenikasirikia mimi papa, ndiyo maana hakuaga. Nawe ukapiga makofi. "Akteri hakufake!" ukasema. Nilidhani nitakuambia wiki ijayo.

Mama yako alikuwa jikoni, alisikia yote. Yeye alitaka kilio. Alitaka mikeka uani na wanawake kutoka kanisani, alitaka kuliita jina la mwanawe mpaka sauti ikatike, kama mama yeyote aliyefiwa. Nikamkataza. Nilimwambia hatuna maiti, tutamlilia nani? Nilimwambia mtoto atasikia. Tulipohamia huku Manika akawa anafungua bomba la uani anajifanya anafua, ili maji yafunike sauti yake. Ulikuwa unamuuliza kwa nini anafua kila siku. Alipokufa wewe ukiwa na miaka kumi na mmoja, daktari alisema ni moyo. Mimi sikuhitaji daktari.

Hata jina nililikimbia. Kasulo kila mtu aliniita Papa Kalala, kwa mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Huku nilijitambulisha Papa Ngalula. Kila mtu akiniita hivyo mtaani, nilikuwa namzika kijana wangu kimya kimya bila kumwambia mtu.

Ulipofika miaka kumi ukaanza kuuliza kama Yaya ana simu. Nikanunua laini. Ninaiweka ndani ya kopo la bobini lililo chini ya kitanda changu, lile ninalokukataza kulifungua eti filamu itaharibika na mwanga. Kila Noeli na kila siku yako ya kuzaliwa naitia kwenye simu ya zamani, naandika, "Bonne fête petite, soma muzuri, yaya K," natuma, kisha naitoa laini tena. Nilijifunza kukosea herufi kama alivyokuwa anakosea yeye. Ukipiga, simu imezimwa. Nikakuambia anaendesha lori la kupita Kasumbalesa, yuko njiani, hakuna mtandao, bado ana hasira. Yule msichana aliyekuambia shuleni kwamba kaka yako aliangukiwa, ukampiga mpaka akatoka damu puani, unakumbuka? Niliitwa na mkuu wa shule. Nilikutetea mbele ya baba yake. Mtoto wa watu alikuwa anasema kweli, akapigwa, na mimi nikamtaka aombe radhi. Kama utamwona tena siku moja, mwambie mimi ndiye ninayedaiwa ile radhi.

Hata sasa sijasema lote. Nimesimama mara mbili kutoka mezani, nimekunywa maji, nimerudi.

Asubuhi ile Kalala hakutaka kushuka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Alishuka kidogo na tochi yake ya kichwa, akapanda tena, akakaa pembeni mwa shimo miguu ikining'inia. "Papa, leo hapana," aliniambia. "Ukuta iko natoka mayi." Alisema polepole, hakutaka wale wenzake wasikie. Aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa baba yake na nilipaswa kusema basi, leo tunapumzika. Na mimi niligeuka kwa wale vijana, nikasema kwa ile sauti yangu ya ukumbini, "Mumusikie huyu! Wee Kalala, hauyue? Akteri hakufake!" Wakacheka. Naye akacheka, aliona haya, akavuta tochi kichwani akashuka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyompa mwanangu, na aliyaamini kwa sababu ni mimi niliyemfundisha.

Hapo ndipo nilipo. Kila kitu kingine kilitoka hapo. Nilisimama kwenye shimo la jirani kwa sababu kama hatoki, basi nimemuua kwa mzaha. Nilikudanganya kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nikijiambia nakulinda wewe, mtoto mdogo, na kweli nilikupenda, lakini nilikuwa najilinda mimi. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye kwake Kalala hajafa. Sikujua kwamba mtu huyo atakua, atajua kujenga roketi, na atapanga kwenda kumngoja mpakani.

Jumapili niliitia ile laini nikuandikie kwaheri ya Yaya, ujumbe wako ukaingia, na mama mdogo Tshiala akanikuta nimeushika. Alikaa kimya miaka yote hii kwa sababu nilimwapisha. Alisema, "Papa Kalala." Hajaniita hivyo tangu Kasulo. "Papa Kalala, mi nilinyamaza sababu ya dada yangu. Sasa uyu mutoto atashuka pa frontière, atakala pa mizigo yake, atangoya mufu. Weye utalala?" Akaenda kwa jirani akaazima mikeka. Iko nyuma ya jiko, minne, ameifunika na gunia.

Utakapotaka tumlilie, iwe leo kabla hujaondoka au siku utakayorudi, mikeka ipo. Kama hutaki kukaa mkeka mmoja na mimi, kaeni nyinyi wawili, mimi nitakaa nje ya lango na nitaelewa. Sikuombi msamaha leo. Leo nina ombi moja tu na ni lile la mwanzo: pita Kasumbalesa bila kushuka. Lia ndani ya basi, piga kiti cha mbele ngumi, nichukie mpaka Lusaka, lakini uwe ndani ya basi. Nimekwisha kumpoteza mmoja kwa kumpa mwisho wa uongo, na wewe nakupoteza kwa mwisho ule ule usiponisikia.

Kuhusu filamu yako, sikushauri kitu. Sehemu ya kumi na mbili ni yako, na aliye ndani ya ile kofia unajua sasa yuko wapi. Utaipiga utakavyoweza, au utaiacha. Mdomo wangu umeshamaliza miisho yake.

Nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali. Nimeitia humo saa moja iliyopita, halafu nikaitoa. Nitakupa mkononi ukiingia, na utakwenda kuisoma chumbani mwako, nami nitabaki hapa. Nasikia pikipiki inapunguza mwendo kwenye kona, na sauti ya mama mdogo inagombana na dereva.

Laini nimeitoa kwenye kopo nikaitia kwenye simu. Iko mbele yangu mezani, imewashwa, imejaa chaji. Ukimaliza kusoma, ipigie ile namba ya Yaya. Utaisikia ikilia upande wa pili wa ukuta. Usikate, mama. Nitapokea, na nitakuambia kwa sauti yangu: allo, ni mimi, Papa Kalala.